Jiwe Tupu la Faraj Nakshi

Kabla ya habari ya jiwe kuna habari ya kahawa. Faraj alikuwa na kesi na muuza kahawa, na kesi yenyewe ilikuwa imetimiza mwaka. Dzoro, muuza kahawa wa mtaa, alipita kila siku baada ya sala ya Alasiri na dele lake la shaba, akawamiminia wanaume waliokaa kwenye baraza ya Abdulbasit, katikati ya Mji wa Kale. Wote aliwajazia finjani mpaka mdomoni. Akifika kwa Faraj, alimtilia nusu. Kila siku ya Mungu, nusu.

"Dzoro, mimi nimekukosea nini?" Faraj alikuwa akiuliza, huku ameinua finjani wote waione. "Hii ni kahawa ama ni dawa ya macho?"

"Kunywa, Fundi. Ukimaliza nitakuongeza."

Na kweli alimwongeza, nusu nyingine. Faraj alikwisha kuwaeleza wenzake kwamba Dzoro ana choyo, kisha kwamba Dzoro hapendi watu warefu, kisha kwamba babu zao wawili huenda waligombana zamani huko Rabai na ugomvi haujaisha. Kukosa la kusema haukuwa mtihani aliowahi kupewa. Wenzake walimsikiliza, wakatazama chini, wakanywa kahawa zao zilizojaa.

Faraj alikuwa na miaka hamsini na nane, na kazi yake ilikuwa nakshi za chokaa. Chokaa ikiwa bado mbichi ukutani, yeye aliichonga maua, nyota na mizabibu, na akatoboa zidaka, vile vishubaka vya ukutani ambamo watu wa zamani waliweka vyombo vyao vya kaure. Mtaa mzima ulimwita Faraj Nakshi, na sifa hiyo ilimwingia vibaya. Hakuweza kuuona ukuta umepumzika. Bwana mmoja wa Kibokoni alimwita ampigie chokaa jikoni, chokaa nyeupe tu, kisha akasafiri. Aliporudi alikuta mzabibu umelizunguka jiko lote, pamoja na zabibu zake, ukisubiri moshi. Nyumbani kwa Faraj mwenyewe ilikuwa imebaki dari ya choo peke yake, na hiyo, alisema mkewe Zakiya, ilinusurika kwa sababu ngazi ilikuwa fupi.

"Mimi ukinipa nafasi ya ukucha, natia ua," Faraj alikuwa akikiri, na kukiri kwenyewe kulimchukua robo saa.

Kwa maneno alikuwa hivyo hivyo. Kimya kikipita baina ya watu wawili, yeye alikiona ni ukuta mtupu, akakirukia. Matangani walimpa kazi ya kupanga viti nje, mbali na wafiwa, na yeye miaka yote hiyo alidhani ni kwa sababu anapanga viti vizuri.

Mwaka uliopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Mwanzo ulikuwa mtetemo mdogo wa asubuhi, akausingizia njaa. Ukaja wa adhuhuri, akausingizia shibe. Kazi yake ya mwisho ilikuwa katika chumba cha bibi harusi, ua moja tu juu ya kitanda, ua alilokuwa amelichonga mara mia. Lilitoka kama biskuti iliyokanyagwa. Faraj akailaumu chokaa, akaulaumu unyevu, akamlaumu hata mtu aliyekuwa akipita nje na mkokoteni. Wenye nyumba walimshukuru kwa adabu, wakatundika picha ya Makka juu yake.

Hakumwambia mtu. Mizaha yake yote ilikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa hapo, kwenye mkono. Fundi ni mkono. Ukimwondolea mkono, kinachobaki ni mdomo, na yeye mdomo wake alikuwa akiujua thamani yake. Aliogopa, aliogopa kikweli, siku ambayo watu wangeanza kumtaja kwa neno "zamani": zamani Faraj alikuwa fundi. Kwa hiyo mkono akaufungia mfukoni mwa kanzu. Watu alianza kuwasalimia kwa mbali. Finjani aliishika kwa mikono miwili, akisema ni kuiheshimu kahawa, na kila aliyemletea kazi alimwambia amejaa mpaka baada ya Idi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, wala Faraj hawezi kudai kwamba neno hilo halikumfikia. Aliwahi kulichonga juu ya mlango wa mtu, akalizungushia maua.

Msaada ulitokea upande wa Buxton. Huko, katika chuo kimoja, palikuwa na mwalimu wa sanaa aliyeitwa Nekesa, mzaliwa wa Bungoma aliyekaa Mombasa miaka kumi. Mwalimu Nekesa aliongea polepole na kuacha nafasi baina ya neno na neno, jambo lililomtesa Faraj kama mtu anayetazama maziwa yakikaribia kufurika. Alikuwa amewaalika mafundi wa Mji wa Kale wajenge kazi moja moja katika viwanja vitupu vya mitaa yao. Wengi walikwenda kusikiliza. Faraj alikwenda kwa sababu alisikia kuna sambusa.

Nekesa aliwaonyesha picha ukutani. Sanduku kubwa la chuma, halina rangi wala alama, limewekwa chini katikati ya ukumbi mtupu. Basi, hapana zaidi.

"Samahani, Mwalimu," Faraj akauliza. "Watalifungua saa ngapi?"

Mafundi walicheka. Nekesa hakucheka. Alieleza kwamba ndani hamna kitu, na kwamba sanduku ndilo kazi yenyewe, au tuseme ni nusu ya kazi.

"Nusu nyingine ni nafasi inayolizunguka," alisema. "Ukiingia ukumbini utapita wapi? Utasimama mbali kiasi gani? Kitu kisipokuambia neno, ndipo unapoanza kujiona wewe mwenyewe ulipo. Ukichonga ua moja tu pale, watu watatazama ua. Chumba hawatakiona tena."

Mafundi walitazamana, wakarudi kwenye sambusa. Faraj alibaki na yake mkononi. Kazi isiyochongwa! Kazi ambayo ukiichonga umeiharibu! Na anayesema hivyo ni mwalimu wa chuo, mwenye miwani. Miaka thelathini na mitano yeye amekuwa akijaza, kumbe duniani wako watu wanaosifiwa kwa kuacha. Alifurahi furaha ya mkosaji aliyeonyeshwa mlango wa nyuma.

Kila fundi alitakiwa achore kile anachotaka kujenga. Faraj, ambaye mkono wake haukuweza tena kupiga mstari, alitoa kiberiti, akakilaza juu ya karatasi, akakizungushia penseli.

Nekesa aliishika karatasi ile muda mrefu. "Fundi," alisema, "kwa mtu kama wewe, hii inahitaji ujasiri mkubwa. Umeitoa wapi?"

"Mfukoni," Faraj akajibu, na katika mambo yote aliyomwambia mwalimu yule, hilo ndilo lililokuwa kweli.

Kiwanja alichopewa kilikuwa mbele ya mlango wa Bi Mona, mjane wa makamo ya mama yake. Hapo paliwahi kuanguka nyumba miaka mingi iliyopita, pakabaki mwanya baina ya kuta, watu wakapafanya njia ya kukatizia kwenda msikitini. Faraj alichimba msingi, akapanga mawe ya matumbawe, akayaunganisha na kuyapaka chokaa, kisha akasugua kwa jiwe laini siku nne mpaka yakang'aa. Kusugua hakukutaka mkono uliotulia. Kusema kweli mkono ulisugua wenyewe, yeye aliusindikiza tu. Kazi ilipokwisha ilikuwa na urefu wa dhiraa nne, upana wa moja na kitu, na kimo cha goti, kwa sababu amejenga baraza nyingi maishani na mgongo wake haukujua kimo kingine. Aliilaza mashariki kwa magharibi, maana Nekesa alitaka jua litembee juu yake kutwa nzima kutoka ncha hadi ncha.

"Kuanzia kichwani mpaka miguuni," Faraj aliwafasiria wapita njia, ili wamwelewe.

Abdulbasit alipita, akasimama. Yeye ndiye mwangalizi wa msikiti wa mtaa, na ndiye mwenye ile baraza ya kahawa. Walikuwa marafiki tangu chuoni, walipokuwa wakisoma Kurani juu ya mkeka mmoja na kuchapwa kwa bakora moja.

"Mashallah, jiwe zuri," alisema. "Nakshi watia lini?"

Swali ndilo hilo. Faraj alikuwa amejitayarishia majibu, mengi, yenye nafasi na ukumbi na kujiona ulipo. Lakini mbele ya mtu aliyemjua miaka hamsini yote yalimkimbia. Mkono ukaanza kucheza ndani ya mfuko. Akaweka kidole cha mkono wa kushoto mdomoni.

"Lina siri yake," akasema.

"Siri gani?"

"Siri."

Alijiona amejibu kwa ustadi wa wasanii. Hakumwona Abdulbasit alivyorudi nyuma hatua moja. Faraj kujibu kwa neno moja lilikuwa jambo ambalo mtaa ule haujawahi kulishuhudia, na mwenye akili lazima ajiulize ameona nini.

Siku zilizofuata zilikuwa za fahari. Hakuna aliyelikalia jiwe. Hakuna aliyeliegemezea baiskeli wala kuanika juu yake dagaa. Watu wakifika kiwanjani walipunguza sauti, wakapita kando, wengine kwa kuinamisha kichwa. Hamali mwenye mkokoteni wa mawe ya barafu aliacha njia hiyo kabisa, akawa anazungukia nyuma. Nekesa alikuja kutazama, akasimama pembeni saa nzima.

"Unaona?" alimnong'oneza Faraj. "Wanaliachia nafasi. Na hakuna aliyewaambia."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Faraj alianza kutoa mafundisho barazani juu ya utupu. Aliwaeleza wenzake uzuri wa kunyamaza kuanzia Alasiri mpaka karibu na Magharibi, bila kupumzika. Nyumbani alimshauri Zakiya aondoe nusu ya vyombo kabatini ili vilivyobaki vionekane. Zakiya alimshauri aanze kuondoka yeye.

Ni Zakiya aliyeileta habari. Alikuwa amekwenda Biashara Street kununua leso, akarudi, akaweka mfuko chini bila kuvua buibui.

"Baba Aya," alisema. Aya ndiye binti yao, ameolewa Malindi. "Muuza leso ameniuliza, nyinyi si ndio watu wa mtaa ule alipopatikana walii?"

"Walii gani?"

"Ndivyo nilivyomuuliza. Akaniambia, yule aliyekutwa chini fundi alipochimba msingi, akajengewa kaburi jeupe."

Faraj alicheka mpaka akashika ubavu. Zakiya hakucheka. Alimsubiri amalize, kisha akamhesabia kwa vidole, bila haraka.

"Umechimba. Umejenga kitu cha urefu wa mtu. Umekilaza mashariki kwa magharibi, vile tunavyowalaza maiti waelekee kibla. Umekipaka chokaa. Jina hukuandika. Umewaambia watu kina kichwa, kina miguu, na kina siri. Na juu ya yote, wewe Faraj, uliyetia zabibu jikoni kwa watu, hiki hukutia hata nukta, na kila mtu yuwajua kaburi halifai mapambo. Hebu niambie. Ungekuwa wewe ndiwe mpita njia, ungelikalia?"

Faraj alifikiri. Jibu ni kwamba angesoma Fatiha.

Alitoka mbio mpaka kiwanjani. Alimkuta Bi Mona anaweka chetezo cha udi upande wa kichwani, au ule upande ambao Faraj mwenyewe aliuita kichwani.

"Mngu akulipe, mwanangu," Bi Mona akamwambia. "Marehemu mume wangu alinambia zamani hapa pana mtu mwema. Mimi nikamwona apiga domo tu. Sasa nalala nyumba nzima peke yangu, sina hofu. Yuko jirani."

Faraj alifungua kinywa. Moshi wa udi ukamwingia, akakohoa, akasema amin, akarudi nyumbani. Alijichukia njia nzima. Mara moja katika maisha yake maneno yangefaa kitu, na yeye amekohoa.

Ijumaa haikufika kabla ya Abdulbasit kumshika bega njiani. Hakuwa na tabasamu.

"Faraj, mna mtu mule ama hamna? Usinijibu hapa ndiani. Jumamosi baada ya Alasiri watu watakuwako kiwanjani. Ikiwa mna mtu, tumwekee heshima yake. Ikiwa hamna, jiwe kulifanya kaburi ni dhambi, na tutalivunja. Lakini utatwambia na sababu. Maana hapana mtu mtaa huu atakayekubali kwamba Faraj Nakshi aliacha jiwe tupu hivi hivi."

Basi njia zilikuwa mbili. Kusema kuna maiti hakuweza, alimwogopa Mungu. Kusema hakuna ni kuulizwa kwa nini jiwe liko tupu, na jibu la swali hilo lilikuwa mfukoni mwake, linacheza. Akaitafuta ya tatu, akadhani ameipata. Lingetiwa nakshi. Jiwe lenye maua haliwi kaburi. Mstari mmoja wa maua pembeni, si mengi, na hakuna wa kumuuliza neno.

Alhamisi baada ya Adhuhuri, wakati jua limewafungia watu ndani, alikwenda na tindo na nyundo. Alipiga magoti. Akaubana kwanza mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauachia, akasema bismillahi, akapiga. Tindo ikateleza. Mstari ulianza vizuri upana wa kidole, kisha ukapinda, ukapinda tena, ukaenda zake kama njia ya kombamwiko. Alijaribu mara ya pili, na nyundo ikampiga gumba.

Akakaa chini, kwenye vumbi. Juu ya jiwe hakukaa, maana hata yeye alikuwa ameanza kuliogopa. Hapo akalia. Miaka thelathini na mitano ilikuwa ndani ya mkono ule, na hakujua imekwenda wapi. Alipomaliza kulia alijifuta kwa kofia, akakusanya vyombo, akatazama alichokifanya. Alikiri moyoni kwamba hata biskuti iliyokanyagwa ilikuwa bora.

Kesho yake Bi Mona akauona mstari. Kufikia sala ya Ijumaa mtaa wote ulijua kwamba jiwe limeanza kutoa alama lenyewe. Watu wa Makadara walikuja kutazama. Wawili kati yao walikubaliana kwamba ni mwanzo wa maandishi, wakatofautiana maandishi ya nini.

Jumamosi baada ya Alasiri kiwanja kilijaa, lakini kilijaa kwa ajabu. Watu walibanana kwenye kuta, na kulizunguka jiwe pakabaki duara tupu ambalo hakuna aliyethubutu kulikanyaga. Wanawake walisimama mlangoni kwa Bi Mona, Zakiya miongoni mwao. Mwalimu Nekesa naye alikuwako, amekuja kuona watu wake wakitazama sanaa. Faraj aliingia ndani ya duara peke yake.

"Ndugu zangu," alianza, "katika historia ya ujenzi wa mji wetu huu, tangu enzi na enzi, chokaa imekuwa—"

"Faraj," akasema Abdulbasit. "Fupisha."

Faraj alimtazama. Akawatazama wote. Kimya kikashuka, kirefu, na safari hii hakuwa na kitu cha kukijaza. Akautoa mkono mfukoni.

"Humu hamna mtu," akasema. "Mna mawe na chokaa, na mna uongo wangu. Niliposema siri, siri ni hii hapa." Akauinua mkono wa kulia. Ulitetemeka mbele ya watu wote, kidole hadi kidole, na yeye hakuuzuia. "Una mwaka sasa. Haushiki tindo. Sikuliacha jiwe tupu kwa hekima, wala kwa heshima ya maiti. Nililiacha kwa sababu siwezi. Na huo mstari si muujiza. Ni mimi, Alhamisi, nilijaribu kuchonga ua."



"Hilo ni ua?" akauliza mmoja wa Makadara.

"Lilikusudiwa kuwa," Faraj akajibu.

"Na udi wangu je?" Bi Mona akapaza sauti kutoka mlangoni. "Siku tisa nafukiza!"

"Mtaa umenukia, Bi Mona. Nisamehe, mama yangu. Nilitaka kukwambia."

Bi Mona alimtazama mkono, si uso. "Haya, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Udi haupotei."

Hapo akatokea Dzoro na dele lake, maana Alasiri ilikwisha na kahawa haingoji mkutano. Akazunguka ukutani akiwamiminia watu, finjani kwa finjani, zote mpaka mdomoni. Akaingia ndani ya duara, akafika kwa Faraj. Akamtilia nusu.

Faraj alikuwa ametoka kujivua mbele ya mtaa mzima, na hakudhani kwamba angebaki na nguvu ya kugombana. Kumbe alibaki nayo.

"Hata leo, Dzoro? Hata leo nusu?"

Dzoro alimtazama Abdulbasit, kisha akatazama chini.

"Fundi, nikikujazia itakumwagikia," akasema. "Mwaka jana karibu na Ramadhani ulijichoma paja. Ukasema Abdulbasit amekusukuma. Tangu siku ile natia nusu."

"Nami siku ile nilikuwa nimekaa ng'ambo ya ndia," akasema Abdulbasit.

Faraj aliwageukia wenzake wa barazani. Kila aliyemtazama alikuwa akitazama ndani ya finjani yake. Akamtafuta Zakiya kwa macho. Akakumbuka kwamba mwaka mzima supu yake imekuwa ikija ndani ya kikombe chenye mkono wa kushikia, kwa sababu bakuli, aliambiwa, zimevunjika. Bakuli sita, zote. Naye aliamini. Watu hawa aliowachosha kwa maneno nusu karne walikuwa wameuona mkono wake siku ya kwanza. Wakamsaidia kuuficha mwaka mzima, bila kupeana neno. Wakayavumilia na matusi ya choyo na ya Rabai. Alishikwa na haya mpaka masikioni, kisha na mapenzi. Akatafuta la kusema akalikosa.

Abdulbasit aliweka finjani yake ukutani, akaingia katika duara. Akalikaribia jiwe, akasema bismillahi, akalikalia. Wanawake mlangoni wakashika midomo. Hakikutokea kitu.

"Lina baridi nzuri," Abdulbasit akasema. "Na kimo chake barabara."

Wa pili akaja, na wa tatu. Yule wa Makadara aliyesoma maandishi akaja, akalipapasa kwanza, akakaa. Punde jiwe likajaa wanaume, bega kwa bega. Kisha, hakuna aliyesema, wakaanza kusogea, huyu kidogo huku, yule kidogo kule, mpaka pakatoka nafasi ya mtu mmoja karibu na ule mstari uliopinda. Nekesa aliinua simu apige picha. Akaitazama nafasi ile, akaishusha simu bila kupiga.

"Ndoo ukae, Fundi," Abdulbasit akasema.

Fundi. Sauti ni ile ile ya kila siku, na "zamani" haikuwemo ndani yake. Faraj akakaa. Finjani aliishika kwa mkono mmoja, wa kulia, mbele ya macho ya kila mtu. Ikatetemeka. Kahawa ikapanda upande huu, ikapanda upande ule, ikafika ukingoni, ikarudi. Haikumwagika hata tone. Akainywa yote, polepole, bila kusema neno, na wale waliokaa naye wakaanza kuingiwa na wasiwasi.

Kisha akamnyoshea Dzoro finjani.

"Nipe nusu nyengine," akasema.